Jerandi na infinitivu: jinsi Kiingereza kinavyoigawa "ku-" yetu mara mbili

Barua nyingi za maombi ya kazi zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu wanaozungumza Kiswahili kila siku humalizika kwa sentensi hii: "I look forward to hear from you." Sentensi hiyo ina kosa moja, nalo si la msamiati wala la tahajia. Aliyeiandika amefuata kanuni aliyofundishwa tangu madarasa ya mwanzo, kwamba kitenzi kinachokuja baada ya "to" hubaki katika umbo lake la asili, na kanuni hiyo ni ya kweli mahali pengi. Ila hapa ilimpasa aandike "to hearing". Mwingine, akishasahihishwa kosa hilo, huanza kuitilia shaka kila "to" anayokutana nayo, mwishowe akaandika "I want to hearing", na hapo huwa ameruka kosa moja na kutumbukia katika jingine. Mabishano kuhusu jambo hili hayaishi, na mara nyingi wanaobishana huwa na kanuni zilizo sahihi nusunusu, kila mmoja ameshika kipande chake.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka tukianza na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina umbo moja la kitenzi linaloweza kusimama mahali pa nomino, yaani kitenzi-jina, na umbo hilo huanza kwa "ku-". Tunasema "kusoma kunachosha", "nataka kusoma", "nimemaliza kusoma", "aliondoka bila kusoma", na katika sentensi zote nne neno "kusoma" halibadiliki hata herufi moja. Kiingereza kinaigawa kazi hiyo kwa maumbo mawili: "reading is tiring", "I want to read", "I have finished reading", "she left without reading". Umbo linaloishia na "-ing" linapofanya kazi ya nomino huitwa jerandi. Umbo linalotanguliwa na "to", kama "to read", huitwa infinitivu. Infinitivu ina pia sura ya pili isiyo na "to", ile inayotumika baada ya vitenzi visaidizi kama "can" na "must", na baada ya "let" na "make" pale mtu anapotajwa: "let him go", "make him wait". Ndiyo maana "make him to wait", ambayo husikika mara nyingi, si sahihi.

Kabla ya kusonga mbele, kuna jambo moja la kuondoa njiani. Si kila "-ing" ni jerandi. Katika "my job is teaching" na "my sister is teaching" neno ni lile lile, lakini kazi zake ni mbili tofauti, na Kiswahili kinatupa kipimo kizuri cha kuzitenganisha. Sentensi ya kwanza kwa Kiswahili ni "kazi yangu ni kufundisha". Ya pili ni "dada yangu anafundisha". Ikiwa tafsiri ya kawaida inataka "ku-", una jerandi mkononi. Ikiwa inataka "-na-" au "-ki-", kama katika "I saw him crossing the road", nilimwona akivuka barabara, basi hiyo ni "-ing" ya tendo linaloendelea, na haihusiki na mjadala huu. Wapo wanaisimu wanaoona mpaka huo kati ya jerandi na "-ing" nyingine haufai kuwekwa kabisa. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 2002, waliziunganisha na kuzipa jina moja. Kwa mwanasarufi hoja yao ina uzito. Kwa anayejifunza lugha, naona mgawanyo wa zamani bado una faida, kwa sababu unamwambia ni wapi pa kuwa makini.

Kanuni isiyoyumba

Katika uwanja huu wenye mapendeleo mengi na kanuni chache, ipo kanuni moja unayoweza kuiegemea bila wasiwasi: kitenzi kinachokuja moja kwa moja baada ya kihusishi huchukua "-ing". "Before leaving", "without asking", "interested in learning", "good at drawing", "tired of waiting", "thank you for coming". Hakuna mtu anayesema "without to ask", na hata wanafunzi wanaoanza huipata hii bila taabu.

Taabu yote inaletwa na neno "to", kwa kuwa neno hilo lina kazi mbili. Wakati mwingine ni alama ya infinitivu tu, haina maana yake yenyewe. Wakati mwingine ni kihusishi kamili, sawa na "in" au "for", na hapo linatii kanuni tuliyotoka kuitaja. Katika "look forward to" ni kihusishi, na kwa hiyo "hearing" ndiyo inayotakiwa. Hali ni hiyo hiyo katika "object to", "be committed to", "be accustomed to" na "be used to".

Utajuaje "to" uliyo nayo ni ipi? Ondoa kitenzi na uweke nomino mahali pake. "I look forward to the meeting" ni sentensi nzuri, na hiyo inathibitisha kwamba "to" hapo ni kihusishi. Weka kitenzi, nacho kitachukua "-ing". "I want to the meeting" haisemeki, kwa hiyo "to" ya "want" ni alama ya infinitivu. Kipimo hiki kina vighairi vichache ambavyo ni haki kuvitaja. Kitenzi "agree" hukubali "agree to the plan" na pia "agree to go", na vitenzi vya mwendo kama "go" na "come" navyo hufanya hivyo hivyo. Nje ya hivyo, kipimo hufanya kazi vizuri hata ukiwa umekaa katika chumba cha mtihani na huna kamusi.

Jozi inayochanganya kuliko zote katika kundi hili ni "used to" na "be used to". "I used to live alone" maana yake ni kwamba zamani nilikuwa nikiishi peke yangu, na sasa siishi hivyo tena. "I am used to living alone" maana yake nimezoea kuishi peke yangu, na huenda bado naishi hivyo. Neno dogo "am" ndilo linalogeuza kila kitu: likiwepo, "to" ni kihusishi, lisipokuwepo, ni alama ya infinitivu.

Kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua

Ukiacha vihusishi, swali kubwa ni lile la vitenzi viwili vinavyofuatana. Kwa nini "enjoy" husema "I enjoy swimming" na haikubali "I enjoy to swim", ilhali "hope" husema "I hope to swim" na haikubali "I hope swimming"? Jibu la kwanza, na lililo muhimu zaidi, ni kwamba uamuzi hauko kwenye kitenzi cha pili. Uko kwenye kitenzi kinachotangulia. "Enjoy", "finish", "avoid", "mind", "deny", "admit", "practise", "consider", "risk" na "postpone" hutaka jerandi. "Want", "hope", "decide", "plan", "promise", "refuse", "offer", "expect", "manage" na "afford" hutaka infinitivu.

Jambo hili linafanana sana na ngeli zetu. Mtoto anayekua akizungumza Kiswahili haulizi kwa nini kiti ni "hiki" na meza ni "hii". Anajifunza nomino pamoja na upatanisho wake, vikiwa kitu kimoja, na hajifunzi "kiti" leo kisha ngeli yake kesho. Vitenzi vya Kiingereza vinafaa kujifunzwa vivyo hivyo. Anayeandika katika daftari lake "avoid" peke yake amejifunza nusu ya neno. Anayeandika "avoid doing" amelijifunza lote.

Hata hivyo, mpangilio huu haukutokea ovyo, na historia inaeleza sehemu yake. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, infinitivu haikuwa na "to" hata kidogo. Ilitambulika kwa kiishio "-an". Pembeni yake palikuwa na umbo jingine lililotanguliwa na "to", na "to" hiyo ilikuwa kihusishi cha kweli chenye maana ya kuelekea mahali au jambo. Viishio vilipodondoka karne baada ya karne, "to" ikabaki kuwa alama pekee ya infinitivu, na maana yake ya awali ikafifia. Jerandi nayo ilitokana na kiishio "-ung" au "-ing", kilichogeuza vitenzi kuwa nomino kamili. "Leornung" ya zamani ndiyo "learning" ya leo. Kwa asili yao, basi, umbo moja lilielekeza mbele na jingine lilikuwa jina la jambo lenyewe.

Athari ya asili hiyo bado inaonekana. Mwaka 1968 mwanaisimu wa Marekani Dwight Bolinger alitoa hoja kwamba umbo la "-ing" huelekea kulitazama tendo kama jambo halisi, lililopo au lililokwisha kutokea, na infinitivu hulitazama kama jambo linalowezekana au linalotarajiwa. Ukiitazama orodha ya hapo juu kwa jicho hilo, mengi yanakaa sawa. Anayetumaini, anayeamua, anayepanga, anayeahidi na anayekataa wote wanazungumzia tendo ambalo bado halijafanyika, na vitenzi vyao vinachukua "to". Anayefurahia, anayemaliza, anayekiri na anayekana wanazungumzia tendo lililopo au lililopita, au linalodaiwa kuwa limepita, na vitenzi vyao vinachukua "-ing".

Lakini mwelekeo si sheria, na hapa ndipo maelezo mengi yanayosambaa mitandaoni yanapowapotosha watu. Aliyeambiwa kwamba "to" ni ya mambo yajayo na "-ing" ni ya yaliyopita atashindwa kueleza "I managed to finish", ambayo inasimulia jambo lililokwisha kufanikiwa. Atashindwa pia kueleza "postpone", "consider" na "suggest", ambavyo huchukua "-ing" ingawa tendo lenyewe bado liko mbele. Utumie mwelekeo huo kama msaada wa kumbukumbu, na pale unapogongana na matumizi halisi ya wenye lugha, matumizi ndiyo yanayoshinda.

Pale maana inapobadilika

Kuna kundi dogo la vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili, lakini kila umbo likiwa na maana yake. Hapa kukosea si suala la mtindo tena, maana unaweza kusema kinyume cha ulichokusudia. Jambo linalonivutia ni kwamba tofauti hizo zote Kiswahili kinazo. Kinachotofautiana ni mahali pa kuziweka. Kiingereza huziweka katika umbo la kitenzi cha pili, na sisi huziweka katika kitenzi cha kwanza, au katika viambishi kama "-ki-", "-ka-" na "-vyo-", au katika viunganishi kama "kuwa" na "ili".

Tuanze na "stop". "He stopped smoking" ni aliacha kuvuta sigara. "He stopped to smoke" ni alisimama ili avute sigara. Kiswahili kinatumia vitenzi viwili tofauti kabisa, kuacha na kusimama, na "ili" juu yake. Kwa hiyo mtu anayetaka kuandika sentensi yenye "stop" ajiulize kwanza angeisemaje nyumbani: ikiwa ni "aliacha", aandike "-ing", ikiwa ni "alisimama ili", aandike "to".

"Remember" ina mtego wa ndani zaidi. "I remembered to lock the door" ina maana kwamba wazo lilinijia kwanza, kisha nikafunga mlango. Kwa Kiswahili, nilikumbuka kufunga mlango. "I remember locking the door" ina maana kwamba nilifunga kwanza, na sasa picha ya tendo hilo ninayo kichwani. Kwa Kiswahili tungesema nakumbuka kuwa nilifunga mlango, au nakumbuka nilivyoufunga. Mpangilio wa matukio umegeuka: katika ya kwanza kumbukumbu inatangulia tendo, katika ya pili tendo linatangulia kumbukumbu. "Forget" inafuata njia hiyo hiyo. "I forgot to pay him" ni nilisahau kumlipa, na deni bado lipo. "I will never forget paying him" ni sitasahau nilivyomlipa, na deni limekwisha. Mtu anayechanganya hizo mbili katika barua ya kikazi anaweza kukiri deni ambalo amekwisha kulilipa.

"Try" pia inahitaji uangalifu. "Try to open the window" inaashiria kwamba kufungua dirisha lenyewe ni kazi ngumu, pengine limekwama, jitahidi kulifungua. "Try opening the window" inachukulia kwamba dirisha linafunguka vizuri, na swali ni kama kulifungua kutaleta nafuu, labda kwa sababu chumba kina joto. Hebu fungua dirisha uone. Katika ya kwanza unajaribu uwezo wako, katika ya pili unajaribu dawa.

Zilizobaki nazipita haraka. "Go on talking" ni kuendelea kuzungumza, lakini "she went on to talk about money" ni kisha akazungumzia fedha, na "-ka-" yetu inafanya hapo kazi yote ya "to". "I regret saying that" ni najuta kusema vile. "I regret to say" ni nasikitika kusema, na hutangulia habari mbaya ambayo bado haijatolewa. "The shirt needs washing" ni shati linahitaji kufuliwa, na msomaji aangalie vizuri: Kiingereza hakikuweka alama yoyote ya kutendwa katika "washing", ingawa maana ni ya kutendwa. Kwa upande mwingine, "begin", "start" na "continue" hukubali maumbo yote mawili bila maana kubadilika kwa kiasi cha kumsumbua mtu, isipokuwa kwamba masikio ya wengi hayapendi "-ing" mbili zikifuatana, na ndiyo maana husemwa "it is starting to rain".

Mtu wa pili anapoingia

Sehemu inayowasumbua wasemaji wa Kiswahili hasa, na ambayo haigusiwi ipasavyo katika vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kila lugha, ni pale anayetaka ni mmoja na atakayetenda ni mwingine. Sisi hapo tunaiacha "ku-" na kuchukua kitenzi chenye kiishio "-e": "nataka uje", "alimwambia asubiri". Kwa kuwa "uje" haina "ku-", mwandishi anashawishika kuandika "I want you come" au "I want that you come". Kiingereza hakina mpango huo baada ya "want". Kinamtaja mtu, kisha kinaleta infinitivu: "I want you to come", "she told him to wait". Kanusho hukaa kabla ya "to": "she told him not to wait".

Kisha inakuja "suggest", ambayo inavunja mazoea hayo mara tu mtu anapoyapata. Kwa kuwa "alipendekeza twende" inafanana kimuundo na "alitaka twende", wengi huandika "he suggested us to go". Haikubaliki. "Suggest" huchukua jerandi, "he suggested going", au sentensi ndogo yenye "that", "he suggested that we go". Vitenzi "allow" na "advise" vina tabia ya kati: mtu asipotajwa huchukua "-ing", kama "they do not allow parking here", na akitajwa huchukua "to", kama "they do not allow us to park here".

Imani chache zisizo sahihi

Imani ya kwanza ni kwamba lengo la tendo linaweza kuonyeshwa kwa "for" na "-ing". Kwa kuwa sisi husema "nilienda kwa ajili ya kununua dawa", huzaliwa "I went for buying medicine". Kiingereza huonyesha lengo la mtu kwa infinitivu: "I went to buy medicine". "For" na "-ing" huelezea kazi ya kifaa, kama "a knife for cutting bread".

Ya pili ni kwamba jerandi haiwezi kuanza sentensi katika maandishi rasmi. Inaweza, tena ni kawaida kuliko infinitivu mahali hapo. "Learning a language takes time" ni sentensi nzuri kabisa; "to learn a language takes time" ni sahihi pia, lakini ina harufu ya maandishi ya zamani, na wengi wangeona afadhali kusema "it takes time to learn a language".

Ya tatu ni katazo la kuweka neno kati ya "to" na kitenzi, kama katika "to fully understand". Katazo hilo lilienezwa na wakosoaji wa lugha wa karne ya 19, nalo halina msingi katika jinsi Kiingereza kinavyofanya kazi. Waandishi wazuri wamekuwa wakilivuka kwa karne nyingi. Mtahini mkali anaweza kuukata muundo huo, kwa hiyo katika mtihani ni busara kuuepuka, lakini mwalimu hana sababu ya kuufundisha kama kosa la sarufi.

Kwa yule ambaye bado ana mashaka na kitenzi fulani, kamusi za wanafunzi zina jibu ambalo wengi hulipita bila kuliona. Baada ya maana ya neno, kamusi hizo huonyesha muundo unaofuata kwa maneno mafupi kama "doing something" au "to do something", na kwa "allow" utakuta "somebody to do something". Kwa vitenzi vyenye maana mbili, kama "remember" na "try", kila muundo huwekwa na mfano wake. Ukiangalia muundo huo wakati ule ule unapoangalia maana, na kuunakili pamoja na neno, hutahitaji kurudi kuutafuta tena.